Wizi wa Utambulisho na Ulaghai wa Kadi za Benki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wakazi wa Lamu

Maswali yaliyo hapa ni ya watu wa Amu (yaani mji wa Lamu), Shela, Mokowe, Matondoni, Faza, Kizingitini na vijiji vingine vya kaunti hii wanaotumia kadi ya benki, M-Pesa, au vyote viwili. Sheria na nambari za huduma zilizotajwa ni za Kenya.

Wizi wa utambulisho ni nini hasa?

Ni kitendo cha mtu kutumia jina lako, nambari ya kitambulisho chako, laini yako ya simu, nywila au kadi yako, ili benki, kampuni ya simu, afisi ya serikali au hata jamaa zako waamini kuwa wanashughulika nawe. Aliyeibiwa mkufu hujua siku hiyo hiyo kwamba umekwenda. Aliyeibiwa utambulisho anaweza kukaa miezi bila kujua, kwa sababu kitambulisho bado kimo mfukoni mwake na kadi bado imo kabatini, huku mtu mwingine akikopa na kununua kwa jina lake. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018, katika kifungu cha 29, inakitambua kitendo hiki kuwa kosa la jinai, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 200,000 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili.

Akaunti yangu haina pesa za maana. Kwa nini tapeli ajisumbue nami?

Salio dogo halimkingi mtu. Laini iliyosajiliwa kwa jina lako ina uwezo wa kukopa hata ikiwa haina shilingi ndani: kuna Fuliza, kuna M-Shwari, na tangu Novemba 2022 kuna Hazina ya Hasla ya serikali. Tapeli aliyeishika laini hukopa mpaka kikomo, akahamisha pesa, na deni likabaki kwako.

Kuna jambo jingine linalotugusa zaidi watu wa huku. Familia nyingi za Lamu zina jamaa Mombasa, Nairobi, Oman au Saudia, na jamaa hao huwasiliana na wenzao kwa WhatsApp. Anayeichukua akaunti yako ya WhatsApp huwaandikia ami na shangazi zako kwamba mtoto amelazwa na pesa za dawa zinahitajika leo hii, nao hutuma bila kuuliza mara mbili, kwa kuwa jina na picha ni vyako. Ili kuichukua akaunti hiyo, tapeli anahitaji tu zile tarakimu 6 ambazo WhatsApp hutuma kwa ujumbe mfupi wakati wa kusajili simu mpya. Kwa hiyo tarakimu hizo zisipewe mtu yeyote, hata kama anayeziomba anaonekana kuwa rafiki yako, maana huenda akaunti ya rafiki huyo imeshatekwa kabla ya yako. Ingia pia katika mipangilio ya WhatsApp, uwashe uthibitishaji wa hatua mbili, uweke nambari ya siri unayoijua wewe peke yako.

Sisi tunaishi Kizingitini. Ninapohitaji pesa humpa kadi na nambari ya siri kijana wa jirani anayekwenda Amu na mashua, naye huniletea pesa zangu kamili. Je, kuna ubaya?

Upo. Ninaomba jambo hili lichukuliwe kwa uzito kuliko mengine yote yaliyo hapa, kwa sababu nionavyo mimi hapa ndipo hasara nyingi zinapoanzia. Tunawaogopa wataalamu wa kompyuta walio mbali, ilhali nambari za siri tunazitoa wenyewe kwa mikono yetu, tena kwa nia njema. Watu wetu huoneana muhali. Mzee huona atamvunjia heshima kijana akimwambia kuwa hawezi kumpa nambari ya siri, na kijana naye huona akikataa kutumwa ataonekana hana adabu. Huo muhali ndio mlango ambao tapeli anaupitia.

Si lazima kijana mwenyewe awe mwizi. Nambari iliyoandikwa kwenye karatasi na kukunjwa pamoja na kadi inaweza kuanguka gatini, ikaonwa na abiria mwenzake, au ikasikiwa na watu wote waliopanga foleni pale anapoisoma kwa sauti ili asikosee. Pesa zikipotea, kijana mwaminifu ndiye atakayeshukiwa kwanza, na ujirani wa miaka mingi utaingia doa. Zaidi ya hayo, masharti ya benki humtaka mwenye kadi aitunze siri ya nambari yake, na benki ikigundua kuwa uliitoa kwa hiari itakuwa na hoja ya kukataa kukulipa fidia.

Njia nyingine zipo. Benki nyingi huruhusu mteja kuhamisha pesa kutoka akaunti yake kwenda M-Pesa kwa simu ya kawaida, isiyo na intaneti, kisha ukazitoa kwa wakala wa kijijini kwako. Benki Kuu ya Kenya iliruhusu mawakala wa benki tangu mwaka 2010, na huduma yao haikulazimu kumkabidhi mtu kadi. Mzee au bibi asiyeweza kubonyeza mwenyewe asindikizwe hadi benki, aeleze hali yake, na amweke msaidizi anayetambuliwa kwa maandishi. Msaidizi aliyeandikishwa analindwa hata yeye. Ikiwa umewahi kumpa mtu nambari yako, ibadilishe katika safari yako ya kwanza ya Amu, na usisubiri kwanza umshuku mtu.

Matapeli hunakili kadi kwa njia gani?

Kadi ina sehemu mbili zinazohifadhi habari: utepe mweusi wa sumaku ulio nyuma, na chipu ndogo ya rangi ya dhahabu au fedha iliyo mbele. Habari zilizo kwenye utepe hazibadiliki. Ni kama barua isiyotiwa lakiri, kwa kuwa anayeisoma mara moja anaweza kuandika nyingine iliyo sawa nayo. Chipu hutengeneza msimbo mpya kwa kila malipo, na msimbo wa jana haufai kitu leo, ndiyo maana benki za Kenya ziliingia katika kadi za chipu. Lakini kadi nyingi bado zina utepe pia, na huo ndio unaotafutwa.

Tapeli hubandika kifaa chembamba juu ya tundu la mashine ya ATM ili kisome utepe kadi inapoingia, akaweka na kamera ndogo juu ya vitufe, au vitufe vya bandia juu ya vile vya kweli, ili aipate nambari ya siri. Kabla ya kuingiza kadi, shika mdomo wa tundu uutikise kidogo. Sehemu ya mashine haitikisiki, kilichobandikwa hutikisika. Ziba vitufe kwa mkono wa pili unapobonyeza, hata ukiwa peke yako, kwa sababu kamera haihitaji mtu awepo. Mashine ikiimeza kadi, usikubali msaada wa mtu aliyesimama nyuma yako anayekuambia uingize nambari tena. Piga simu benki ukiwa palepale.

Hotelini na madukani, kadi isiondoke machoni pako. Mwambie mhudumu alete mashine mezani, au uondoke uende nayo kaunta. Si utovu wa adabu, na mhudumu mwenye uzoefu ameshaambiwa hivyo na wageni wengi.

Je, mtu anaweza kuiba pesa kwa kupitisha mashine karibu na mfuko wangu, ikiwa kadi yangu ni ya kugusisha?

Kadi hizo husomeka kwa umbali wa sentimita chache tu, na kila malipo hutumia msimbo mpya kutoka kwenye chipu. Hatuwezi kusema kuwa jambo hilo haliwezekani kabisa, lakini ni hatari ndogo ukiilinganisha na kumpa mtu nambari ya siri. Usilikeshee.

Nina nyumba ya wageni Shela. Wageni hunitumia picha za kadi na pasipoti zao kwa WhatsApp. Nina wajibu gani?

Wajibu wako ni mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Nambari ndefu ya kadi, tarehe ya mwisho wa matumizi na tarakimu 3 za nyuma zikikutana mahali pamoja zinatosha kununulia vitu mtandaoni. Masharti ya kampuni za kadi kama vile Visa na Mastercard hayaruhusu mfanyabiashara kuhifadhi tarakimu hizo 3 baada ya malipo kuidhinishwa. Kwa hiyo usizipokee kwa picha kabisa. Tumia kiungo cha malipo cha benki yako, au mgeni alipe kwa mashine akifika.

Kuhusu pasipoti na vitambulisho, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakutaka ukusanye kile tu unachokihitaji, ukilinde, na ukifute haja ikiisha. Kanuni za usajili za mwaka 2021 zinazitaka biashara za ukarimu zijisajili kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data hata zikiwa ndogo, na msamaha waliopewa waongoza watalii haukuhusu wewe mwenye nyumba ya kulala. Simu yenye picha za pasipoti za wageni ikiibwa, na ikawa wageni hao wamo katika hatari ya kweli ya kudhurika, unapaswa kumjulisha Kamishna ndani ya saa 72. Faini ya ukiukaji inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili.

Na fotokopi za kitambulisho changu mwenyewe? Kila afisi inazitaka.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 31, inakupa haki ya kutodaiwa bila sababu habari zako za faragha. Una haki ya kuuliza nakala inatakiwa kwa kazi gani na itatunzwa wapi, na unaweza kuuliza kwa upole bila kugombana. Unapoitoa, andika juu yake kwa wino, ukipita kwenye picha, jina la afisi, tarehe na kusudi, ili nakala ya kuomba basari isiweze kutumiwa kuombea mkopo.

Fotokopi zilizoharibika kwenye saiba zisiachwe hapo. Karatasi za namna hiyo huuzwa kwa kilo, na wenye macho huziona zikifungiwa njugu na mahamri sokoni, jina na nambari ya mtu zikisomeka vizuri. Omba zako uondoke nazo, uzichane. Ukituma kitambulisho kwa barua pepe kwenye kompyuta ya saiba, ifute picha uliyoiacha ndani ya mashine, na utoke katika akaunti yako kabla ya kuinuka.

Nimepigiwa simu na mtu anayejua jina langu kamili na nambari ya kitambulisho. Si dalili kuwa ni afisa wa kweli?

La. Habari hizo zinapatikana katika karatasi zilizotajwa hapo juu, katika orodha za mikutano, na katika makundi ya WhatsApp ambamo watu huorodheshwa kwa ajili ya misaada. Kumjua mtu jina si ithibati ya cheo.

Safaricom imewatangazia wateja wake kwamba huwapigia kwa nambari 0722 000 000. Anayekupigia kwa nambari ya kawaida akasema ni wa huduma kwa wateja, kata simu. Na hata kwenye nambari iliyo sahihi, hakuna mfanyakazi wa benki wala wa kampuni ya simu anayehitaji nambari yako ya siri au nambari ya mara moja iliyokuja kwa ujumbe. Anayekuagiza ubonyeze mlolongo wa nyota na tarakimu huku akikusomea, anakuelekeza ufanye muamala mwenyewe kwa mkono wako.

Jihadhari zaidi na haraka. Tapeli hukuambia kuwa laini itafungwa baada ya dakika kumi, au kuwa umeshinda zawadi na muda unakwisha. Kukata simu, kunywa maji, na kuipigia benki kwa nambari iliyochapishwa nyuma ya kadi hakujawahi kumfungia mtu akaunti.

Kuhusu ujumbe wa "nimekosea nikakutumia pesa", usihukumu kwa ujumbe uliouona. Ujumbe wa kweli huja chini ya jina MPESA, si nambari ya mtu. Hakiki salio kwa *334#. Hata kama pesa zimeingia kweli, usimrudishie wewe. Mwambie aliyezituma apeleke ujumbe wake wa muamala kwa nambari 456, kampuni ishughulikie urejeshaji. Ukirudisha mwenyewe, anaweza pia kuomba urejeshaji rasmi, ukalipa mara mbili.

Simu yangu ilipoteza mtandao ghafula kwa saa nzima. Niwe na wasiwasi?

Huku kwetu mtandao hukatika mara nyingi, na ndiyo maana dalili hii hupuuzwa. Tapeli mwenye habari zako za kutosha anaweza kumfikia wakala asiye mwaminifu, akadai kuwa wewe umepoteza laini, akapewa kadi mpya ya simu yenye nambari yako. Kadi yake ikianza kufanya kazi, yako hufa. Tangu hapo nambari za mara moja za benki humfikia yeye.

Kipimo chepesi ni kumwuliza mtu aliye karibu nawe anayetumia kampuni ile ile. Ikiwa yake inafanya kazi na yako haifanyi hata baada ya kuizima na kuiwasha, iombe simu yake, upige 100, ueleze, kisha uipigie benki ifunge miamala.

Wavuvi wana hatari ya pekee, kwani wakiwa Kiwayu au nje ya miamba hukaa siku kadhaa bila mtandao, na hakuna atakayegundua mpaka warudi. Kwa wateja wa Safaricom, piga *100*100# ufunge ubadilishaji wa laini. Baada ya hapo laini haitabadilishwa isipokuwa mwenyewe ufike katika duka la kampuni. Inachukua muda mfupi, na ningependa kila nahodha aifanye kabla ya chombo kung'oa nanga.

Nitajuaje laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho changu?

Piga *106#. Utaona nambari zilizoandikishwa kwa jina lako, na usiyoitambua uiripoti.

Kitambulisho changu kimezama baharini. Je, ni lazima niende polisi ilhali najua hakuna aliyekiokota?

Ni lazima, kwa sababu mbili. Hutapata kipya bila karatasi ya polisi ya kuthibitisha upotevu, ile iitwayo abstrakti. Na karatasi hiyo ina tarehe, nayo itakutetea ikiwa jina lako litatumika baadaye. Yeyote asafiriye kwa barabara ya Malindi anajua namna kitambulisho kinavyoulizwa njiani, kwa hiyo beba abstrakti hiyo pamoja na karatasi ya kungojea mpaka kipya kitoke.

Nimeshatapeliwa. Nianze na lipi?

Anza na pesa, si na lawama. Ipigie benki sasa hivi ifunge kadi, na kampuni ya simu ifunge laini, uandike saa uliyopiga na jina la aliyekupokea. Ukiwa mteja wa Safaricom, peleka ujumbe wa kitapeli na nambari iliyoutuma kwa 333, bila malipo. Kama pesa zimetumwa kwa M-Pesa, omba urejeshaji upesi, kwa kuwa zikishatolewa kwa wakala kuzirudisha ni shida.

Kisha nenda kituo cha polisi, uandikishe shauri, na uondoke na nambari ya OB, yaani ya shauri lako katika kitabu cha matukio cha polisi. Idara ya Upelelezi wa Makosa ya Jinai ina simu isiyolipiwa, 0800 722 203, kwa wasiotaka kujitaja. Usifute ujumbe wowote, hata ule unaokuaibisha. Piga picha za kioo cha simu na uzihifadhi kwenye simu nyingine. Badilisha nywila ya barua pepe kabla ya nyingine zote, maana nywila nyingine hubadilishwa kupitia hiyo. Wajulishe jamaa, hasa walio nje ya nchi, ili asiwe yeyote wa kutuma pesa kwa jina lako.

Naomba pia jamaa wasimkemee aliyetapeliwa. Wapo wanaoficha siku nzima kwa kuona haya, na siku hiyo ndiyo tapeli anayoihitaji.

Je, benki itanirudishia?

Inategemea namna pesa zilivyoondoka. Kadi ikinakiliwa bila kosa lako, na ukaripoti mapema, hoja yako ina nguvu. Uliyetoa nambari ya siri una kazi ngumu zaidi, ingawa usikate tamaa bila kuuliza. Andika lalamiko kwa maandishi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Benki isipokujibu au usiporidhika, lipeleke kwa Benki Kuu ya Kenya. Ikiwa tatizo ni habari zako kuvujishwa, lipeleke kwa Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Nimenyimwa mkopo kwa deni nisilolijua. Nifanyeje?

Omba ripoti yako kwa taasisi za taarifa za mikopo zilizoidhinishwa nchini, ambazo ni TransUnion, Metropol na Creditinfo. Kanuni za mwaka 2020 zinakupa ripoti moja ya bure kila mwaka, na hata asiyekopa ingemfaa aichukue. Deni usilolitambua lipinge kwa maandishi, ukiambatanisha nambari ya OB na ile abstrakti kama ulipoteza kitambulisho. Usilipe kiasi kidogo ili yaishe, kwa sababu kulipa kunaweza kuchukuliwa kuwa umelikubali deni.

Baba yetu amefariki. Laini yake na kadi yake bado ziko hai, na tunazijua nambari za siri. Tuzitumie kwa matumizi ya matanga?

Poleni kwa msiba. Msizitumie, hata kama haja ipo. Pesa hizo sasa ni za warithi wote, na kila muamala utakaofanywa baada ya tarehe ya kifo utaonekana katika taarifa ya akaunti, ukazua maswali baina ya ndugu. Andikisheni kifo na mkirudishe kitambulisho chake, kisha muijulishe benki na kampuni ya simu ili zifunge njia za kutoa pesa na kukopa. Kwa familia za Kiislamu, mirathi hushughulikiwa na Mahakama ya Kadhi, nayo ipo Lamu. Amri yake ndiyo mtakayoipeleka benki. Laini isiachwe wazi kwa sababu ya kupokea salamu za rambirambi. Tumeni nambari ya mmoja wenu kwa waliokuwa wakiwasiliana naye, kisha ile ya marehemu ifungwe.